Waya wa picha ndio unaoamua sauti: Somo la mtaji kwa wauza sabufa wa Shinyanga na Geita

SHINYANGA

MFANYABIASHARA wa vifaa vya elektroniki anayefungua duka Kahama, Katoro au Geita mjini hujifunza mapema kwamba kuuza televisheni si mwisho wa kazi. Mteja hurudi siku ya pili. Picha anayo, tena safi, lakini sabufa aliyoichukua pamoja na televisheni iko kimya, au inaunguruma kama mashine ya kusaga. Mara nyingi televisheni ni nzima na sabufa nayo ni nzima. Kilichokosewa ni waya unaoviunganisha.

Waya huo ni bidhaa ndogo kuliko zote rafuni. Huning'inizwa msumarini nyuma ya kaunta, na wakati mwingine hutolewa bure kama nyongeza. Lakini ndio unaoamua kama mteja atamsifu muuzaji kwa jirani zake au atarudi na boksi kichwani kudai fedha zake. Kwa mwenye mtaji mdogo, maboksi machache yanayorudi yanatosha kula faida ya mwezi.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kuweka fedha katika biashara ya sabufa, ving'amuzi au vibanda vya kuonyeshea mpira katika ukanda huu hana budi kuelewa jambo ambalo wengi huwaachia mafundi: waya wa picha wa kila kizazi ulikuja na utaratibu wake wa kubeba sauti, na mingine haikubeba sauti kabisa.

FEDHA ZA MSIMU

Soko la Shinyanga na Geita lina tabia yake. Mfanyakazi wa ofisini hupokea mshahara kila mwisho wa mwezi, lakini fedha za ukanda huu huja kwa mafungu. Mkulima wa pamba au mpunga hupata fedha baada ya mavuno. Mchimbaji mdogo hupata duara linapotema, na duara halina kalenda. Mtu wa aina hiyo akishika fedha hununua vitu vikubwa kwa mkupuo: pikipiki, mabati, televisheni na sabufa.

Migodi mikubwa nayo imeacha alama katika miji hii. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, na Buzwagi wa Kahama ukafunguliwa 2009 hadi ulipokoma kuzalisha 2021. Machi 2019 soko rasmi la madini lilifunguliwa mjini Geita, na mengine yakafuata katika mikoa mingine, hivyo mchimbaji mdogo akapata mahali pa wazi pa kuuzia dhahabu yake mjini. Oktoba 2025 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 4,000 za Marekani kwa wakia moja. Wauza vifaa vya nyumbani wa ukanda huu wana kila sababu ya kufuatilia bei hiyo kama wafuatiliavyo bei ya mafuta.

Njia za bidhaa nazo zimebadilika. Mzigo wa kutoka Kariakoo husafiri takriban kilometa 1,000 hadi Shinyanga. Mzigo unaopitia Mwanza kwenda Sengerema na Geita ulikuwa ukisubiri kivuko, hadi daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lilipofunguliwa Juni 2025. Kivuko hakisubiriwi tena, lakini umbali wa Dar es Salaam uko palepale. Bidhaa mbovu iliyokwisha kufika Katoro ni gharama kuirudisha, na wengi huona afadhali kula hasara kimya kimya.

KUTOKA ANTENA HADI HDMI

Televisheni binafsi za Tanzania Bara zilipoanza kurusha matangazo 1994, deki nyingi za video ziliunganishwa na televisheni kwa waya wa antena. Picha na sauti vilipita pamoja katika waya mmoja, na sauti kwa kawaida ilitoka ya upande mmoja tu, bila kutenganisha kulia na kushoto. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hata spika ya televisheni ilikuwa moja.

Baadaye ulienea waya wa AV wenye vichwa vitatu: njano kwa picha, nyekundu kwa sauti ya kulia na nyeupe kwa sauti ya kushoto. Huu ndio waya uliojenga soko la sabufa nchini. Ulikuja na deki za VCD na DVD, ukaendelea na ving'amuzi vya kwanza. Utangazaji wa analojia ulipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na Mwanza mwaka uliofuata, king'amuzi kikawa kifaa cha lazima kwa mwenye televisheni, na nyuma yake palikuwa na matundu yaleyale matatu. Mteja alichomoa nyekundu na nyeupe kwenye televisheni, akazichomeka kwenye sabufa, kazi ikaisha.

Katikati ya safari hiyo walipita wageni waliowachanganya wengi. Waya wa S-Video ulibeba picha tu. Waya wa rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, ulitoa picha nzuri kuliko ya njano, lakini nao haukubeba sauti hata kidogo, ingawa nyekundu yake hufanana na nyekundu ya sauti. Waya wa VGA wa kompyuta, wenye pini 15, ni wa picha peke yake. SCART wa Ulaya, wenye pini 21, ulibeba picha na sauti ya pande mbili, na bado tundu lake huonekana kwenye televisheni za mtumba. Muuzaji anayempa mteja waya wa VGA bila kumwambia kwamba atahitaji waya wa pili wa sauti amejitengenezea ugomvi.

Desemba 2002 makampuni 7, yakiwamo Sony, Panasonic, Philips, Hitachi na Toshiba, yalitoa kiwango cha kwanza cha HDMI. Waya huo una pini 19 na hubeba picha na sauti vyote kwa mfumo wa kidijiti. Tangu toleo la kwanza uliweza kubeba chaneli 8 za sauti isiyobanwa. Toleo la 1.3 la mwaka 2006 liliongeza sauti za Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, pamoja na njia ya kurekebisha sauti inayochelewa nyuma ya midomo ya wasemaji. Toleo la 1.4 la 2009 lilileta ARC, njia ya kurudisha sauti kutoka kwenye televisheni kwenda kwenye amplifaya kwa waya uleule. Toleo la 2.1 la 2017 lilipanua njia hiyo ya kurudi, ikaitwa eARC. ARC ya awali hubeba sauti ya pande mbili au iliyobanwa ya chaneli 5.1, eARC hubeba hadi megabiti 37 kwa sekunde, zinazotosha sauti kubwa isiyopunguzwa.

BEI KUBWA SI SAUTI KUBWA

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea na wauzaji wengi hushawishika kuwapoteza. Katika waya wa AV wa zamani ubora wa waya husikika moja kwa moja. Ukiwa mwembamba, usio na wavu wa kuzuia mwingiliano, hunasa mngurumo wa umeme na kuuleta hadi kwenye spika. Waya mzuri wa AV hutoa sauti iliyo bora kuliko waya mbaya, na mteja anaweza kuusikia ubora huo akiwa amesimama dukani.

HDMI haifanyi kazi hivyo. Ndani yake sauti haina uzi wake maalumu. Hugeuzwa kuwa namba na kupakiwa katika nafasi fupi zinazobaki kati ya mstari mmoja wa picha na mwingine, ikasafiri katika nyuzi zilezile za picha. Namba hizo zikifika, sauti ni ileile iliyotumwa, iwe waya umenunuliwa kwa bei ya soda au kwa bei ya mbuzi. Zisipofika, sauti haififii na besi haipungui. Hukatika, hupasuka au hunyamaza kabisa, na aghalabu picha nayo huonyesha vidoa vya kumetameta au kuzima kwa muda.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayemwambia mteja kwamba HDMI yenye vichwa vya dhahabu itamwongezea besi anauza maneno. Dhahabu kwenye kichwa cha waya ina faida moja ya kweli: haishiki kutu. Katika nyumba yenye unyevu au vumbi hilo lina thamani yake, lakini halibadilishi muziki.

Waya mzuri wa HDMI hulipiwa kwa mambo mengine. La kwanza ni uwezo. Nyaya hizi hupangwa kwa madaraja, siyo kwa namba za matoleo, yakiwamo Standard, High Speed, Premium High Speed na Ultra High Speed. Daraja la Premium lilipimwa kwa gigabiti 18 kwa sekunde na Ultra kwa gigabiti 48. Maandishi ya "HDMI 2.1" kwenye boksi la waya si daraja, na mwenye duka asiyaamini peke yake. Nyaya zilizoidhinishwa za madaraja ya Premium na Ultra huwa na lebo yenye alama ya kuskani kwa simu, na kuikagua ni kazi ya nusu dakika.

La pili ni ukamilifu wa nyuzi. Njia ya ARC hutegemea pini ya 14, ambayo kabla ya 2009 haikuwa na kazi. Baadhi ya nyaya duni hazina uzi wa pini hiyo. Mteja akiutumia kuunganisha king'amuzi na televisheni hataona kasoro yoyote. Akiutumia kurudisha sauti kwenye sabufa yenye HDMI, hatapata kitu. Kwake atasema sabufa ni mbovu.

SABUFA ISIYO NA TUNDU

Tatizo kubwa la soko la ukanda huu, hata hivyo, si ubora wa HDMI. Ni kwamba televisheni na sabufa zimeachana njia. Televisheni bapa za kisasa zinazidi kupunguza matundu ya sauti ya nyekundu na nyeupe. Nyingine zimebaki na tundu dogo la spika za masikioni, na nyingine zina tundu la sauti ya mwanga na HDMI ya ARC tu. Wakati huohuo sabufa nyingi za bei nafuu bado hupokea sauti kwa nyekundu na nyeupe, pamoja na bluetooth, flashi na redio.

Njia rahisi ni waya wenye pini ndogo upande mmoja na vichwa viwili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili. Ni wa bei ndogo na huitika palepale. Kasoro yake ni kwamba katika televisheni nyingi ukichomeka pini hiyo, rimoti huendelea kupandisha na kushusha sauti inayokwenda kwenye sabufa. Mteja akiishusha mno na kuifidia kwa kukaza sabufa, hupandisha na uchafu wa waya. Ushauri wa fundi mzoefu ni kuiacha televisheni kwenye sauti ya juu kiasi, kisha kupimia kwenye sabufa.

Njia ya bluetooth haina waya, lakini ina ucheleweshaji. Sauti inaweza kufika ikiwa imechelewa kwa sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Kwa muziki hakuna anayejali. Kwa filamu, midomo hufunga kabla neno halijafika. Kwa mpira, shuti huonekana limepigwa ndipo mlio unasikika.

Njia ya tatu ni kiboksi cha kugeuza HDMI kuwa AV, au cha kugeuza sauti ya mwanga kuwa nyekundu na nyeupe. Hapa ndipo maboksi mengi hurudi dukani bila sababu. Viboksi vingi vya bei nafuu huelewa lugha moja tu ya sauti, yaani PCM ya pande mbili. King'amuzi au televisheni ikiwa imepangwa kutoa Dolby Digital, kiboksi hupokea kitu kisichokielewa na kunyamaza, au kutoa mkwaruzo. Mteja huona picha inapita lakini sauti haipo, akaamua kiboksi kimekufa.

Dawa yake haina gharama. Katika menyu ya sauti ya king'amuzi au televisheni, mpangilio wa kutoa sauti hubadilishwa kuwa PCM au Stereo. Vilevile kiboksi hicho huhitaji umeme wake wa volti 5, na kikitegemea tundu la USB la televisheni lenye nguvu ndogo kinaweza kuzimika kila baada ya muda. Duka linalomfundisha kijana wake wa kaunta mambo haya mawili litapunguza bidhaa zinazorudi bila kuongeza hata shilingi moja ya mtaji.

SPIKA TANO SI CHANELI TANO

Mwekezaji anayeagiza sabufa za spika tano kwa matumaini ya bei ya juu ajiulize sauti ya chaneli tano itaingia kupitia wapi. Nyekundu na nyeupe ni chaneli mbili. Sabufa yenye spika tano inayopokea sauti kwa matundu hayo mawili hugawanya sauti ileile kwenye spika zote. Kelele itajaa sebule, lakini helikopta ya kwenye filamu haitapita nyuma ya kiti.

Ili chaneli 5.1 zifike kweli, kifaa kiwe na matundu 6 ya sauti kutoka kwenye deki ya DVD yenye uwezo huo, au kiwe na tundu la mwanga au HDMI pamoja na uwezo wa kufasiri Dolby Digital au DTS. Sauti ya mwanga, iliyobuniwa na Toshiba 1983, hubeba chaneli mbili za kawaida au 5.1 iliyobanwa. Haiwezi kubeba sauti kubwa isiyobanwa ya diski za Blu-ray. Hiyo inahitaji HDMI.

Pamoja na hayo, mteja wa ukanda huu anaangalia nini? Wengi huangalia mpira, tamthilia, muziki wa video na filamu za nje zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, kazi iliyompa umaarufu Lufufu na wengine waliomfuata. Mtafsiri wa namna hiyo huweka sauti yake juu ya sauti ya filamu, na diski au faili inayouzwa huwa ya chaneli mbili. Hakuna waya duniani utakaozifanya chaneli mbili ziwe sita. Kumuuzia mteja huyo mfumo wa gharama kubwa kwa ahadi ya sauti ya sinema ni kumchukulia fedha za duara lake bila kumpa kitu. Sabufa ya 2.1 iliyo imara na waya safi vitamfaa zaidi.

MNGURUMO UNATOKA WAPI

Malalamiko mengine ya kila wiki ni mngurumo usiokoma hata filamu ikisimamishwa. Umeme wa Tanzania hutetema mara 50 kwa sekunde, na mngurumo huo mzito ndio sauti yake. Huingia kwa njia mbili kuu: waya wa AV usio na kinga uliolazwa sambamba na waya wa umeme, au mzunguko wa umeme wa ardhi kati ya vifaa viwili, hasa pale dishi na televisheni vinapopata ardhi kwa njia tofauti.

Kipimo chake ni chepesi. Chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mngurumo ukikoma, kosa liko kwenye ardhi ya dishi, si kwenye sabufa. Waya wa mwanga huondoa tatizo hili kwa sababu haupitishi umeme kabisa. Kinachokatazwa ni kukata pini ya ardhi ya plagi ili kuua mngurumo. Pini hiyo ndiyo inayomwokoa mtu hitilafu ikitokea, hasa kwenye nyumba za bati zinazotumia jenereta.

Kosa jingine la gharama ndogo ni kugeuza chanya na hasi kwenye waya wa spika moja. Spika moja husukuma wakati nyingine inavuta, besi hupungua na sauti za katikati, yaani za wasemaji, hufifia. Katika filamu iliyotafsiriwa anayepotea ni mtafsiri mwenyewe.

KIBANDA UMIZA

Wapo waliowekeza katika vibanda umiza vya kuonyesha mpira na filamu machimboni. Kwao waya ni mtambo wa uzalishaji. Projekta hukaa mbali na meza ya muonyeshaji, na kishawishi ni kununua HDMI moja ndefu ya mita 15 au 20. Waya wa HDMI wa shaba usio na kisaidizi huanza kuleta matatizo ukizidi mita chache, hasa picha ikiwa ya kiwango cha juu. Dakika ya 89 picha ikizima, sauti huzima nayo, kwa kuwa zinasafiri pamoja.

Kuna njia mbili za kukwepa hasara hiyo. Ya kwanza ni kuweka king'amuzi karibu na projekta kwa HDMI fupi, na kupeleka sauti peke yake kwenye amplifaya kwa waya mnene wenye kinga. Ya pili ni kununua HDMI yenye nyuzi za mwanga, ambayo hubeba umbali mrefu bila shida. Waya huu una mwelekeo: kichwa kimoja ni cha king'amuzi na kingine ni cha projekta. Ukigeuzwa hautoi kitu, na wengi wameutupa wakidhani umekufa.

Aidha, katika ukumbi uliojaa watu, aliyekaa kulia hasikii vizuri spika ya kushoto. Muonyeshaji anayechomeka nyeupe tu na kuiacha nyekundu ikining'inia anawanyima wateja nusu ya sauti. Ni bora chaneli mbili zichanganywe kuwa moja kwenye mixa na kupelekwa spika zote, ili kila aliyelipa kiingilio amsikie mtangazaji.

HESABU YA MTAJI

Hoja ya wafanyabiashara wengi ni kwamba mteja wa machimboni hutazama bei kwanza. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ipimwe kwa hesabu. Chukulia kwa mfano tu, bila kuwa bei ya soko, kwamba duka limenunua nyaya 100 za bei ya chini kwa Sh 3,000 kila moja na kuziuza Sh 5,000. Mtaji ni Sh 300,000 na faida ghafi ni Sh 200,000. Zikirudi 20 na mwenye duka akarudisha fedha za wateja, anapoteza Sh 100,000, na faida inabaki Sh 100,000, sawa na asilimia 33 ya mtaji.

Duka la pili limenunua nyaya 100 zilizo bora kwa Sh 5,000 na kuziuza Sh 7,500. Mtaji ni Sh 500,000 na faida ghafi Sh 250,000. Zikirudi 2, hasara ni Sh 15,000 na faida ni Sh 235,000, sawa na asilimia 47 ya mtaji.

Katika mfano huo mpaka ni nyaya 12 hivi kwa kila 100. Zikirudi chache kuliko hapo, za bei ya chini bado zinalipa zaidi kwa kila shilingi. Zikizidi hapo, urahisi wake ni wa macho. Swali basi ni moja: mwenye duka anajua zinarudi ngapi? Asiyeandika hajui, na wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari liwe na safu tatu tu: aina ya waya, tarehe iliporudi na sababu. Baada ya miezi mitatu litaonyesha ni zipi zilizokuwa mbovu kweli na ni zipi zilizorudi kwa sababu hakuna aliyemwambia mteja abadilishe kuwa PCM.

BIDHAA BANDIA

Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 inakataza kuuza bidhaa zenye alama za biashara za kughushi, na Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata na kuteketeza bidhaa za namna hiyo. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kwa upande wake husimamia ubora wa bidhaa zinazoingia. Msako ukifika, anayepoteza mzigo ni yule aliyekutwa nao, hata kama aliununua kwa nia njema. Risiti ya mashine kutoka kwa muuzaji wa jumla ndiyo silaha ya kwanza ya kudai fedha zake.

Nyaya za spika nazo zina ujanja wake. Zipo zinazoitwa za shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini huzuia umeme zaidi ya shaba kwa takriban mara moja na nusu, hivyo waya wa unene uleule hufikisha nguvu kidogo kwenye spika, na kwa umbali mrefu tofauti huonekana. Kukwaruza ncha kwa wembe kunatosha: ndani kukiwa cheupe, si shaba. Sumaku ikishika, ndani kuna chuma. Vipimo hivyo havina gharama, na vifanyike Kariakoo kabla mzigo haujapandishwa kwenye lori.

KABLA YA KUAGIZA

Mwenye duka anayejiandaa kwa fedha za mavuno au za duara jipya aanze na orodha ya televisheni na ving'amuzi vinavyouzwa mjini kwake, aangalie matundu ya nyuma, kisha ndipo aagize nyaya. Palipo na televisheni zenye tundu dogo la sauti, nyaya za pini ndogo kwenda nyekundu na nyeupe zitatoka haraka. Palipo na ARC, anunue HDMI za High Speed zilizo kamili na azijaribu moja moja kutoka kila katoni. Viboksi vya kugeuza sauti aviweke vichache, na kila kimoja kiambatane na karatasi ya Kiswahili inayoeleza mpangilio wa PCM.

Na sabufa isitoke dukani kabla haijasikika ikiunguruma muziki kutoka kwenye aina ileile ya televisheni aliyonayo mteja, kwa waya uleule anaoondoka nao. Dakika 5 kwenye kaunta ya Kahama ni nafuu kuliko pikipiki ya kwenda na kurudi Kakola.